Chombo Kinachomfanya Mtoto Aseme

Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi wa Kasongo na Kabambare

Nafurahi kuona viti vya mbele vimekaliwa na walimu wa darasa la kwanza na la pili, kwa kuwa mengi nitakayosema leo ni yao.

Nitaanza na kamba. Ndugu zetu Warega, walioko kaskazini mwa jimbo letu la Maniema na ng'ambo katika Kivu ya Kusini, wanayo kamba ya hekima iitwayo mutanga. Vitu vidogo vidogo vimetundikwa juu yake: unyoya, gamba la konokono, kipande cha mti, ganda la tunda. Kila kitu kina methali yake. Mkubwa anagusa kitu, na anayefundishwa anaitoa methali, anaifafanua, anaonyesha inaingia wapi katika maisha ya watu. Asiyejua kusema anaona takataka zilizofungwa kwenye uzi. Anayejua anaona shule nzima.

Kusini mwetu, Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mti unaoshikika mkononi, uliopambwa kwa shanga. Mjuzi wa chama cha Mbudye alipitisha kidole juu ya shanga hizo huku akisimulia habari za wafalme, safari na koo. Na hapa hapa kwetu, watoto wa chuo cha Kurani wamekuwa wakiandika aya juu ya ubao wa mti, wanaisoma mpaka imekaa kichwani, kisha ubao unaoshwa ili upokee aya nyingine. Kamba, ubao wa shanga, ubao wa wino: vyote vitatu ni bubu. Vinangoja mdomo wa mwanafunzi.

Nimevitanguliza kwa sababu siku hizi likitajwa neno teknolojia, mawazo yetu yanakimbilia kompyuta, na mara moja mtu anauliza: umeme uko wapi, intaneti iko wapi, pesa ziko wapi? Ni maswali ya haki. Lakini lipo swali linaloyatangulia yote, na ndilo ninalotaka mtoke nalo hapa: chombo hiki kikishaingia darasani, mtoto atasema zaidi au atanyamaza zaidi?

Dunia imekwisha kulipa gharama kubwa kulijibu swali hilo. Nchi ya Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi, hata vijiji vya milimani vikafikiwa. Mwaka 2012 watafiti waliolinganisha shule 319 za vijijini walitoa ripoti yao: hawakuona kwamba watoto waliopewa kompyuta wamewapita wenzao katika hesabu wala katika lugha. Kompyuta zilifika, ila namna ya kufundisha ilibaki ile ile. Mwalimu hakuandaliwa vya kutosha kuzitumia.

Sasa tuvuke Ziwa Tanganyika tuelekee pwani. Kuanzia mwishoni mwa 2017, vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, nchini Tanzania, viliingizwa katika shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000, wengi wao wasiokwenda shule, walipewa vishikwambi, yaani tableti, vyenye masomo ya Kiswahili, na vituo vya sola vikajengwa vijijini ili vichajiwe. Baada ya miezi 15 watoto walipimwa, na wengi walikuwa wamepiga hatua katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwezi Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana ushindi, na programu za shindano lile zikaachwa wazi, mtu yeyote azichukue na kuzitumia bila kulipa.

Msinielewe vibaya. Shindano lile liliandaliwa kwa ajili ya mahali ambapo mwalimu hayupo, na sisi tunao walimu. Sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani kishikwambi kinachukua nafasi ya mwalimu. Ninachotaka tukiangalie ni jinsi masomo yale yalivyotengenezwa. Yalisema na mtoto kwa lugha aliyokuwa anaisikia nyumbani. Na mara kwa mara yalimdai jibu: gusa, andika, rudia, chagua. Mtoto hakuachwa akae tu na kutazama. Huo ni mutanga uliowekwa ndani ya kioo.

Hekima hiyo imetangulia vishikwambi. Mwaka 1974, nchini Nicaragua, walianza kufundisha hesabu kwa redio kwa namna mpya. Sauti ya redio iliuliza swali, kisha ikanyamaza sekunde chache. Katika ukimya ule darasa zima lilijibu kwa sauti, ndipo redio ikatoa jibu sahihi, kila mtoto akajipima mwenyewe. Kenya ikaichukua njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kufundishia Kiingereza. Zanzibar wakatengeneza vipindi vya Kiswahili vya watoto wadogo, wakaviita Tucheze Tujifunze: mtoto anaimba, anaruka, anahesabu mawe, anajibu. Nchini mwetu Kongo pia, mradi wa elimu wa PAQUED ulipeleka masomo ya redio ya namna hiyo katika Bandundu, Équateur na Jimbo la Mashariki. Kisha ukaja mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipofunga shule mwezi Machi, Radio Okapi ilirusha masomo ili watoto wayafuate nyumbani. Walimu wenzangu, uzuri wa vipindi hivi umo katika zile sekunde za kimya. Redio isiyonyamaza ni mhubiri. Redio inayonyamaza kwa wakati wake ni mwalimu.

Turudi Kasongo. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza, na madarasa yamejaa. Benchi la watoto wawili linabeba wanne. Wako waliotoka vijiji vya Kabambare kwa kukimbia bunduki. Wako walioachia daftari njiani wakaenda kusafisha dhahabu upande wa Salamabila, wakarudi wakubwa kuliko wenzao. Katika darasa la namna hii lenye watoto sitini, mwalimu akiuliza swali moja, mtoto mmoja ndiye anayejibu, hamsini na tisa wananyamaza. Ukimya ule ndio umaskini wetu mkubwa, kuliko hata ukosefu wa umeme.

Na mara nyingi ukimya ule unatoka katika lugha. Sheria ya elimu ya Februari 2014 imeziruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira kufundishia watoto wadogo. Kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Kilifika Maniema kwa njia ya machungu, pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, enzi za Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule aliyeitwa Tippu Tip, wakati Kasongo ya kale ilipokuwa moja ya makao yake makuu. Machungu yale hatuyasahau. Lakini lugha ilibaki, tukaifanya yetu. Mbangubangu na Mzimba na Mkusu wanapatana bei sokoni kwa lugha hiyo. Mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa nayo mdomoni. Tukimpokea kwa Kifaransa siku ya kwanza, tumemnyang'anya mdomo kabla hatujampa kalamu.

Kwa hiyo mkiniuliza teknolojia ya Kasongo ianzie wapi, nitajibu: ianzie kwenye sauti. Sauti haidai intaneti. Simu moja yenye kadi ya memori, spika ndogo ya kuchaji na paneli ya sola ya kukaa juu ya paa zinatosha. Nieleze somo moja, hatua kwa hatua, mwone ninachosema.

Ni darasa la pili, watoto sitini. Jana jioni mwalimu amerekodi sauti tatu kwa simu yake: mchi ukipiga kinu nyuma ya nyumba, mpunga ukimiminwa kwenye kopo sokoni, na kafi likikata maji ya mto Lualaba. Asubuhi anaweka spika mezani, hasemi neno, anabonyeza. Darasa linasikia: puu, puu, puu. Mikono inaruka. "Kinu!" "Hapana, ni shoka!" "Ni mama anatwanga muhogo!" Mwalimu haharakishi. Anawaambia wageukiane wawili wawili, kila mmoja amweleze jirani yake anasikia nini na anajuaje. Kwa dakika mbili vinywa sitini vinafanya kazi pamoja. Hapo ndipo neno linaandikwa ubaoni, kinu, na watoto wanatafuta maneno mengine yanayoanza na sauti hiyo: kiti, kisu, kikapu.

Kisha mtoto mmoja anaitwa mbele asimulie jinsi nyumbani kwao wanavyotwanga. Mwalimu anamrekodi nusu dakika tu, halafu anaicheza. Mtazameni mtoto anayesikia sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza ikitoka kwenye spika. Kwanza anaficha uso. Halafu anafungua vidole kidogo. Halafu anasikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza mwalimu, na anajisahihisha bila kuambiwa: "Nilisema haraka. Nirudie." Mwalimu anacheza sentensi moja polepole, mara tatu, na darasa zima linaiandika kwenye vibao. Sentensi ya mwenzao imekuwa imla. Kesho itakuwa somo la kusoma. Ijumaa karatasi mbili zitakunjwa katikati, zishonwe kwa uzi, mchoro uongezwe, na maktaba ya darasa itakuwa imepata kitabu chake cha kwanza, kimetungwa na mtoto wa Kasongo.

Sasa nigusie jambo linalowasumbua wengi wenu. Mtoto wetu anasema "mutoto", "muzuri", "mukubwa". Kitabu kinaandika "mtoto", "mzuri", "mkubwa". Mwalimu asiyejua la kufanya anamkemea: umekosea. Mtoto anajifunza jambo moja tu siku hiyo, kwamba lugha ya mama yake ni kosa, na kesho hasemi tena. Simu inaweza kutuokoa hapa. Chezeni sauti mbili, moja ya mtoto wetu akisema "mutoto" na moja ya msomaji wa pwani akisema "mtoto", na darasa lipige makofi kwa kila pigo la sauti. Mu-to-to: makofi matatu. M-to-to: makofi matatu pia, maana ile m ya mwanzo inasimama peke yake kama silabi kamili. Watoto wanagundua wenyewe kwamba maneno haya mawili ni ndugu, wana mapigo sawa. Tofauti ni vazi la silabi ya kwanza. Mtoto hakudharauliwa, na tahajia ya kitabu ameipata. Somo hili ni la dakika kumi, ubao peke yake ungehangaika nalo mwaka mzima.

Msije mkadhani ubunifu huu ni wa lugha tu. Chukueni kijiti kilichonyooka, kisimikeni uwanjani, na kila saa mtoto mmoja apige picha ya kivuli chake kwa simu ya mwalimu huku wenzake wakikipima kwa kamba yenye mafundo. Kasongo iko karibu nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba, majuma machache tu baada ya shule kufunguliwa, jua linapita juu ya vichwa vyetu kabisa, na saa sita mchana, mawingu yakiruhusu, kivuli cha kijiti kinakaribia kutoweka. Jambo hilo linarudi karibu na tarehe 9 Machi. Mtoto wa Lubumbashi haoni hivyo siku hiyo hiyo. Kila mji una siku zake. Wekeni picha zile kwa mpangilio, mmepata somo la hesabu, la sayansi na la jiografia, na watoto watabishana kwa juma zima kivuli kimekwenda wapi. Kubishana kwa namna hiyo ndiko kufikiri.

Na wale wazee wetu? Jumatatu mtoto wa darasa la tano anapewa kazi: muulize bibi au babu neno moja la zamani, la uvuvi, la ufinyanzi, la mitego au la kilimo cha mpunga, aje nalo pamoja na maelezo yake. Anayeweza alete sauti iliyorekodiwa. Asiyeweza alete kwa kichwa, kama mababu walivyofanya. Mwisho wa mwaka shule itakuwa na hazina ya maneno ambayo haimo katika kamusi yoyote. Kwa vitabu vya kusoma, upo African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, wenye hadithi nyingi za watoto katika lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo; zinaruhusiwa kunakiliwa na kubadilishwa. Na ipo programu ya Kolibri, inayoweka masomo kwenye mashine moja na kuyagawa kwa simu na vishikwambi vya jirani bila intaneti. Mtu mmoja akienda Kindu au Bukavu na kadi ya memori, anarudi na rafu nzima mfukoni.

Wazazi wangu, najua hofu zenu, na mnayo haki ya kuziona. Simu ina uchafu mwingi. Kwa sababu hiyo, simu ya somo isiwe na laini. Iwe na masomo tu, na iwe mkononi mwa mwalimu au mbele ya macho yake. Sauti na picha za watoto zisitoke nje ya shule bila idhini ya mzazi. Wasichana washike simu kama wavulana. Nimeona mara nyingi chombo kikifika, wavulana wanakizunguka na wasichana wanasukumwa pembeni, na mwalimu asipopanga zamu, chombo kipya kinaongeza ukimya wa zamani. Na mwalimu asilipie kwa mshahara wake kuchaji wala kutengeneza. Niliwahi kuingia katika shule moja nikaonyeshwa kabati lenye vifaa vipya vilivyofungwa ndani ya maboksi yake tangu siku vilipotolewa. Vilifungiwa kwa sababu hakuna aliyejua vikiharibika nani atalaumiwa. Mkurugenzi akishatangaza mbele ya wote kwamba chombo kikichakaa kwa kutumika hakuna wa kulaumiwa, kabati litafunguka.

Mtu anaweza kusema: haya ni mambo madogo, Kasongo ni mji mdogo, mbali na kila kitu. Ndugu zangu, Kasongo ilishawahi kuifundisha dunia. Katika miaka ya 1970, madaktari waliofanya kazi hapa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, nchini Ubelgiji, walijenga mtandao wa vituo vidogo vya afya karibu na watu. Muuguzi alipewa dawa za msingi, mwongozo wa hatua kwa hatua, na msimamizi wa kumtembelea mara kwa mara. Mwaka 1981 utafiti wao juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35 ulichapishwa katika jarida la The Lancet, na jina la mji wetu likasomwa katika vyuo vya tiba duniani. Hawakuanza na hospitali ya ghorofa. Walianza na vifaa vichache vinavyotumika kila siku, watu waliofundwa kuvitumia, na jicho la mwenzao lililo karibu.

Naomba tuige mpango huo katika shule. Kwanza, kila shule iwe na sanduku moja: simu isiyo na laini, spika, paneli ya sola, na daftari lenye masomo ishirini yaliyoandikwa hatua kwa hatua, kama lile la kinu nililowaeleza. Kamati ya wazazi ilisimamie sanduku hilo kama inavyosimamia kisima. Pili, katika mkutano wa walimu wa kila juma, dakika thelathini ziwe za sauti: kila mwalimu alete rekodi moja ya darasa lake, wenzake wasikilize, waseme kilichofaa na kilichoshindikana. Masomo mazuri yapitishwe kutoka simu hadi simu, Kasongo mpaka Kabambare. Tatu, mkaguzi au mkurugenzi akiingia darasani asihesabu vifaa. Akae nyuma, achukue saa, ahesabu dakika ambazo watoto wamesema na dakika ambazo mwalimu amesema. Hesabu hiyo ndiyo itakayotuambia kama teknolojia imeingia kweli.

Hata leo, kabla sanduku halijapatikana, kazi inaweza kuanza. Wengi wenu mnayo simu mfukoni. Kesho asubuhi mwiteni yule mtoto wa benchi la nyuma, yule ambaye tangu Septemba hamjasikia sauti yake. Mwombeni awaeleze njia anayopita kuja shuleni: mto gani anauvuka, nyumba ya nani anaipita, mbwa gani anamwogopa. Mrekodini dakika moja. Kisha darasa zima lisikilize, na sentensi yake ya kwanza iandikwe ubaoni kama alivyoisema, jina lake likiwa chini yake.

Sasa nanyamaza, na ninyi mseme.